Kuchagua lenzi pana Kimuka: tazama kwanza kilicho mita 3 mbele yako

Anayetoka Ngong kwa barabara ya Suswa, akishavuka mabega ya vilima na kuanza kuteremkia Kimuka, hulikuta Bonde la Ufa limefunguka lote mbele yake: Suswa, Longonot nyuma yake, na anga kubwa kuliko nchi. Mwenye kamera ya filamu ya inchi 4 kwa 5 huwaza jambo moja papo hapo, kwamba atafute lenzi pana ili bonde lote liingie. Wazo hilo limewapotezea wengi pesa. Lenzi inanunuliwa, filamu inasafishwa, na kilichopatikana ni nusu ya juu ya mawingu, nusu ya chini ya nyasi, na katikati uzi mwembamba ambao ndio mlima wenyewe.

Hesabu yake ni ndogo na inafaa kuijua kabla ya kutoa shilingi. Ukitaka kujua kitu cha mbali kitakuwa na ukubwa gani kwenye filamu, gawa kimo chake kwa umbali wake, kisha zidisha kwa urefu wa fokasi wa lenzi. Mlima ulioinuka mita 700 juu ya bonde, ukiwa kilomita 30 kutoka uliposimama, utachora mm 2.1 kwa lenzi ya mm 90. Kwa lenzi ya mm 65 utachora mm 1.5. Filamu yako ina kimo cha karibu mm 96 ukiilaza, kwa hiyo mlima uliokuvutia ukasimamisha gari umepewa sehemu moja kati ya arobaini na tano za picha. Kwa lenzi ya mm 300 mlima huohuo ungekuwa mm 7.

Sasa ongeza nguzo ya ua yenye kimo cha mita 1.5. Simama mita 3 kutoka kwake na lenzi ya mm 90: nguzo itachukua mm 45 ya filamu, mlima mm 2.1. Rudi nyuma mpaka mita 10 na lenzi ya mm 300: nguzo bado ni mm 45, lakini mlima umepanda hadi mm 7. Nguzo ni ileile, mlima ni uleule, ila uzito umehama. Hapo ndipo pa kuamulia. Lenzi pana inakipa nguvu kilicho karibu na kukisukuma mbali kilicho mbali. Ukitaka Suswa iwe ndiyo habari ya picha, lenzi ya mm 210 au 300 itakutumikia vizuri zaidi, nayo mara nyingi huuzwa kwa bei nafuu kuliko lenzi pana nzuri. Ukitaka kusema jambo kuhusu Kimuka penyewe, hapo ulipokanyaga, basi lenzi pana ndiyo chombo chako.

Na Kimuka ina mengi ya kusemwa kwa karibu. Ardhi inakatwa ploti, nyua za waya zinapita palipokuwa malisho ya wazi, nyumba za mabati zinasimama jirani na boma, na nguzo za umeme wa msongo mkubwa zinatembea juu ya leleshwa. Reli ya kisasa iliyofunguliwa Oktoba 2019 imetoboa vilima vya Ngong kwa handaki la takriban kilomita 4.5 ili ishukie bondeni kuelekea Mai Mahiu na Suswa. Zaidi ya karne iliyopita, reli ya kwanza ilipokuwa ikiteremka ukingo huohuo wa bonde upande wa Kijabe, William D. Young alikuwepo na kamera yake akiandamana na ujenzi, na picha zake ndizo tunazorejea hadi leo tukitaka kuona kazi ile ilikuwaje. Mabadiliko ya sasa yanastahili kuwekwa kwenye filamu kubwa kwa uangalifu uleule, na mengi yake yako mita chache kutoka kwenye lenzi: lango, kisima, ukuta wa mawe, ng'ombe wanaokunywa, mgunga mmoja ulioachwa katikati ya ploti. Kwa reli na mitambo ya umeme, omba ruhusa kwanza. Kamera iliyosimamishwa kwa stendi kwa nusu saa huleta walinzi haraka.

Tukishakubaliana kwamba unataka lenzi pana kwa sababu ya kilicho karibu, ni upana kiasi gani? Eneo la picha kwenye filamu ya inchi 4 kwa 5 ni takriban mm 96 kwa 120, na ulalo wake ni kama mm 154, ndiyo maana lenzi ya mm 150 huitwa ya kawaida. Ukiilaza filamu, lenzi ya mm 150 huona nyuzi 44 kwa upana. Ya mm 110 huona 57, ya mm 90 huona 67, ya mm 75 huona 77, na ya mm 65 huona 85. Aliyezoea kamera ndogo ya mm 35 achukulie mm 90 kuwa jirani wa mm 27 wake, na mm 65 kuwa jirani wa mm 19.

Ushauri wangu hauna mzunguko: lenzi pana ya kwanza iwe ya mm 90. Inatosha kuvuta kitu cha mbele bila kukipotosha, kamera nyingi huipokea bila vifaa vya ziada, na ndiyo iliyotengenezwa kwa wingi zaidi, kwa hiyo iliyotumika hupatikana kwa urahisi. Ya mm 75 ni nzuri kwa anayejua tayari kwamba 90 humbana. Ya mm 65 nakushauri ununue kwa sababu moja tu, nayo ni kazi za ndani. Ukiingia enkaji, nyumba ya Kimaasai ambayo dari yake haikuachi usimame wima, hakuna pa kurudi nyuma, na mm 90 itakupa kona moja ya kitanda na nusu ya meko. Huko mm 65 ina haki yake. Na kabla ya kubeba stendi mlangoni, zungumza na mama mwenye nyumba, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye aliyeijenga kwa mikono yake na neno ni lake.

Kuna kipimo kingine ambacho wanunuzi wengi hawakiulizi, nacho kwa kamera kubwa kina uzito kuliko urefu wa fokasi. Lenzi haichori mstatili nyuma yake. Inachora duara la mwanga, na filamu inakaa ndani ya duara hilo. Duara likiwa kubwa kuliko filamu, unaweza kuipandisha lenzi, kuishusha au kuisogeza pembeni, na picha bado ikabaki ndani. Likiwa linatosha filamu tu, umebeba kamera kubwa yenye mvukuto na skrubu zote zile ili ifanye kazi ya kamera ya boksi.

Tuseme kuna kanisa la mabati ambalo kilele chake kiko mita 6 juu, na ua unakuzuia kurudi nyuma zaidi ya mita 5. Kamera yako iko kimo cha mita 1.5. Ukiiinua pua kamera ili ikione kilele, kuta zitaegemeana kana kwamba jengo linaanguka kinyumenyume. Dawa ni kuiacha kamera sawasawa, kioo cha nyuma kikiwa wima, kisha kuipandisha lenzi peke yake. Kwa lenzi ya mm 90, kilele kitakaa mm 81 kutoka kwenye mstari wa kati. Ukisimamisha filamu wima, nusu yake ni mm 60 tu, kwa hiyo unahitaji kupandisha lenzi mm 21 ili ukifikie kilele, na kama mm 30 ukitaka kuuachia msalaba nafasi ya anga. Lenzi yenye duara la mm 216 inakuruhusu karibu mm 36 katika mkao huo. Kazi imefanyika. Yenye duara la mm 154 haikuruhusu hata milimita moja.

Ndiyo maana Angulon ya mm 90 f/6.8 ya Schneider, ile ndogo nyepesi ambayo muundo wake ni wa tangu 1930, inahitaji tahadhari. Ni rahisi, inaingia mfukoni, na kamera ya kukunja inafungwa ikiwa bado ndani. Lakini duara lake ni hilo la mm 154, na kona zake huwa laini mpaka ufunge tundu hadi f/22 au zaidi. Kwa anayetembea na mifugo kutwa nzima na hajali kupandisha lenzi, inafaa. Kwa mwenye majengo kichwani, jina lake lisimchanganye na Super-Angulon, kwa maana hizo ni lenzi mbili mbalimbali kabisa.

Katika mm 90 zilizo za kazi, utakutana na familia mbili. Ya kwanza ni nyepesi na tundu lake dogo: Super-Angulon f/8 yenye duara la mm 216, Grandagon-N f/6.8 ya Rodenstock yenye mm 221, ambayo pia iliuzwa kwa jina la Caltar II-N, Fujinon SW f/8 yenye mm 216, na Nikkor-SW f/8 yenye mm 235. Ya pili ni nzito na yenye tundu kubwa: Nikkor-SW f/4.5 yenye mm 235, Grandagon-N f/4.5 yenye mm 236, Super-Angulon f/5.6 yenye mm 235, na Fujinon SWD f/5.6 yenye mm 236. Vipimo hivi vya duara ni vya tundu la f/22. Ukifungua tundu, duara linalofaa linapungua. Ukinitaka nitaje moja, ni Nikkor-SW f/8. Ina duara kubwa sawa na lile la ndugu yake wa f/4.5, lakini uzito wake ni gramu 360 hivi dhidi ya gramu 600.

Faida ya tundu kubwa haiko kwenye filamu, kwa sababu picha utaipiga kwa f/22 au f/32 vyovyote vile. Iko kwenye kioo cha ukungu unachotazamia. Lenzi ya f/4.5 hukiangaza mara tatu zaidi ya ile ya f/8. Nje, katika mwanga wa Kajiado, hilo halikusumbui. Unajifunika shuka nzito na unaona kila kitu. Ndani ya nyumba yenye dirisha la kiganja cha mkono, kioo cha f/8 kinakuwa giza kiasi kwamba hujui umelenga ukuta au mlango. Mwenye f/8 anaweza kujiokoa hivi: weka tochi ndogo mbili au tatu kwenye kingo za unachopiga, lenga zile nuru mpaka ziwe nukta kali, kisha ziondoe. Kioo cha Fresnel nyuma ya kile cha ukungu pia husaidia sana kwa lenzi pana, kwani bila hicho kona huonekana nyeusi hata mchana.

Na kona zenyewe, hata kwenye filamu, hupata mwanga kidogo kuliko katikati. Ni maumbile ya mwanga unaofika kwa mshazari. Kwa lenzi ya mm 150 upungufu wa kona ni chini ya stopu moja, hauonekani. Kwa mm 90 ni stopu moja hadi moja na nusu, kwa mm 65 ni mbili hadi mbili na nusu. Watengenezaji wamepambana na jambo hili tangu zamani: Hypergon ya Goerz, ya mwaka 1900, ilikuja na nyota ndogo ya chuma iliyozungushwa kwa kupulizwa hewa mbele ya lenzi, ili kuipunguzia katikati mwanga wakati filamu inapokea. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na filta ya kati, iliyo nyeusi katikati na angavu ukingoni. Ni ghali, wakati mwingine karibu na bei ya lenzi yenyewe.

Usiinunue siku ya kwanza. Kwa filamu nyeusi na nyeupe ya negativu, stopu moja na nusu hurekebishwa wakati wa kuchapa, na Kimuka upungufu huu mara nyingi ni rafiki. Ukiipandisha lenzi, sehemu ya juu ya picha inaelekea ukingo wa duara na kupoteza mwanga zaidi, na sehemu hiyo ndiyo anga, inayowaka kuliko vyote. Anga linatulia lenyewe. Anayepiga filamu ya slaidi, au anayetumia mm 65 kwenye ukuta mweupe, ndiye anayeihitaji kweli.

Kabla ya kuagiza chochote, ipime kamera yako. Lenzi ikilenga mbali kabisa, nafasi kati ya ubao wake na filamu hukaribiana na urefu wa fokasi, kwa hiyo mm 65 inataka ubao ufike kiasi cha mm 70 kutoka kwenye filamu. Sogeza mbele na nyuma ya kamera zikaribiane mwisho wa uwezo, weka rula, andika namba. Kisha jaribu kupandisha ubao wa mbele hapohapo. Kama mvukuto umejibana na haukubali kusogea, duara kubwa la lenzi halitakusaidia kitu. Utahitaji ubao uliobonyea ndani, au mvukuto laini ulio kama mfuko. Kamera za zamani za waandishi wa habari kama Crown Graphic zina tatizo jingine: kitako cha mbele huingia kwenye picha, hivyo lazima ukishushe. Angalia pia kama kioo cha nyuma cha lenzi, ambacho kwa lenzi pana kinaweza kuwa kipana, kinapita kwenye tundu la mbele la kamera.

Ubao wenyewe usikutishe. Lenzi nyingi nilizotaja za tundu dogo, na hata Nikkor ya f/4.5, zimefungwa kwenye shata ya Copal nambari 0, inayotaka tundu la mm 34.6. Ubao wa aina ya Linhof Technika ni mm 96 kwa 99. Fundi wa jua kali mwenye mkono mtulivu anaweza kukukatia kwa bati la alumini, mradi umpe kipimo kwa milimita na umwachie ubao wa mfano akaufuate. Paka rangi nyeusi isiyong'aa upande wa ndani, na uhakikishe mwanga hauvuji pembeni.

Fikiria filta mapema pia. Super-Angulon ya f/8, Nikkor-SW ya f/8, Grandagon-N ya f/6.8, Nikkor-SW ya mm 75 na Super-Symmar XL ya mm 110 zote hupokea filta ya mm 67. Familia ya tundu kubwa ya mm 90 mara nyingi hutaka mm 82. Filta ya manjano na ya machungwa zikiwa za mm 67 zitakutosha miaka mingi. Filta ya polarizi iache nyumbani. Kwa upana wa nyuzi 67 anga litakuwa na doa jeusi upande mmoja na weupe upande wa pili.

Mahali nako kuna tabia zake. Kimuka iko magharibi mwa vilima, kwa hiyo asubuhi jua hukawia kuipata. Uvuli wa vilima hukaa juu ya nchi wakati bonde la mbele limekwisha kung'aa. Dakika zile, karibu yako kivuli na mbali mwanga, ni ngumu kwa filamu na hazifai kwa lenzi pana inayotaka kilicho karibu kionekane. Subiri jua livuke ukingo, likupige mgongoni, na uelekee bondeni. Jioni geuka: uso wa magharibi wa Ngong unapokea mwanga wa jua lililoshuka na mikunjo yake inajitokeza. Ukielekea bondeni saa hizo jua litaingia ndani ya picha, na lenzi pana haina kofia ya kulificha. Tumia kadi nyeusi uliyoishika kwa mkono, ukitazama kona za kioo isije ikaingia. Januari na Februari vumbi hulifunika bonde kwa ukungu wa rangi ya maziwa. Baada ya mvua za masika hewa husafika, na Julai mawingu mazito hukaa juu ya vilima, mwanga mzuri sana kwa kuta, nyuso na mifugo.

Upepo nao ni wa kweli: mitambo ya kwanza ya umeme wa upepo iliwekwa juu ya Ngong mwaka 1993, na leo kituo cha KenGen kina uwezo wa megawati 25.5. Hapa lenzi pana ina faida, kwa kuwa mvukuto wake hukunjwa mfupi na hauchezi sana. Tundika begi lako chini ya stendi, simama upande upepo unakotokea, na ufyatue kwa waya katika ule utulivu mfupi kati ya vishindo viwili. Tatizo litakalobaki ni nyasi na matawi ya karibu, ambayo kwa f/32 na kasi ndogo yatatikisika. Amua kama unayataka yamesimama; kama ndiyo, rudi asubuhi.

Kwa kulenga, lenzi ya mm 90 iliyofungwa hadi f/22 na kulengwa kama mita 3.7 mbele huwa kali kuanzia chini kidogo ya mita 2 hadi mwisho wa macho, ukikubali kipimo cha kawaida cha ukali kwa filamu hii. Lenzi ya mm 150 kwa tundu hilohilo huanzia mita 5. Kwa hiyo mara nyingi hutahitaji kuinamisha lenzi hata kidogo. Ukipiga uwanda mtupu, mawe na nyasi hadi upeo, inamisha mbele kwa nyuzi tatu na nusu tu kamera ikiwa kimo cha mita 1.5, na ardhi yote italala kwenye ukali. Lakini mti au nguzo ikiwa karibu, acha; chini patakuwa pakali na juu patapotea.

Lenzi hizi tunazinunua zikiwa zimetumika, na wengi wetu huagiza kutoka Japani, Ujerumani au Marekani. Mwombe muuzaji picha ya vioo vikiwa vimeelekezwa kwenye taa, mbele na nyuma. Nyuzi nyembamba zinazotambaa ni kuvu. Lenzi hiyo omba ipunguzwe bei, au iache. Upinde wa rangi ukingoni ni gundi ya vioo inayoachia. Vidoa vyeupe vya rangi iliyobanduka ndani, ambavyo ni vya kawaida kwenye lenzi za Schneider, havidhuru picha, na hupunguza bei, kwa hiyo ni habari njema kwako. Uliza kama shata inafunga sawa kwa sekunde 1. Kasi za polepole ndizo hufa kwanza. Kwenye bajeti weka nauli ya mzigo, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za forodha kabla ya kulipa.

Ikifika, usianze na filamu. Kata karatasi ya kuchapia picha ipatane na kishikio cha filamu, ipakie chini ya taa nyekundu, na uichukulie kuwa na ISO 6 hivi. Tafuta ukuta wa mawe ya kuchongwa, wa aina tuliyonayo kila mahali Kajiado, ukiwa kivulini, na uipange kamera sambamba nao. Piga karatasi ya kwanza lenzi ikiwa katikati kwa f/22, ya pili ukiwa umepandisha mm 30, ya tatu kwa f/11. Zisafishe usiku huohuo, uzitazame kona nne kwa kioo cha kukuza. Kona moja ikiwa laini kuliko nyingine zote kwenye karatasi ya kwanza, hakikisha kwanza kamera ilikuwa sambamba, ugeuze ubao wa lenzi juu chini, upige tena. Ulaini ukihama pamoja na lenzi, kasoro ni ya lenzi. Ukibaki palepale, ni ya kamera au ya ulivyoipanga. Fanya haya yote kabla siku alizokubali muuzaji za kurudishiwa mali yake hazijaisha.